Uvimbe wa Titi Unaorudi Baada ya Kukatwa

Katika lugha yetu neno ziwa lina maana mbili, na mtu anayeandika habari za maradhi ya ziwa la mwanamke kwa wasomaji waishio kando ya Ziwa Nyasa hana budi kuchagua neno lisilotatanisha. Katika makala haya tutatumia neno titi.

Uvimbe mwingi unaotokea katika titi si saratani. Kwa wasichana na wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 35, uvimbe unaopatikana mara nyingi zaidi ni ule uitwao fibroadenoma, ambao ni mviringo, laini, hauumi, nao huteleza chini ya vidole kama kokwa la tunda ndani ya mfuko. Lakini uko uvimbe mwingine unaofanana nao sana kwa sura, ambao ni adimu, kwa maana kwamba haufiki hata mmoja katika kila uvimbe 100 wa titi, na ambao tabia yake imewatatiza waganga kwa karibu miaka 200. Hukatwa, kidonda hupona, mgonjwa hurudi shambani kwake, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili uvimbe hutokea tena mahali pale pale. Huu ndio uvimbe wa filodi.

Tutaueleza huku tukiziangalia wilaya za Mbinga na Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, kwa kuwa maradhi haya yanaonyesha vizuri jinsi umbali unavyoweza kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kutoka milima ya Umatengo, mahali kahawa inapostawi na wakulima wanapochimba ngoro zao, barabara huteremka kwa kiasi cha kilomita 66 hadi Mbamba Bay, kwenye ufuko ulio mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Hospitali ya Litembo milimani na ile ya Liuli ufukoni zimewahudumia watu wa huko kwa miaka mingi, na upande wa Songea iko Peramiho, hospitali inayojulikana Kusini kote. Kuondoa uvimbe wa titi ni kazi inayowezekana katika hospitali za namna hiyo. Mashine za tiba ya mionzi, kwa upande mwingine, ziko mbali sana. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, iko Dar es Salaam, na kutoka Mbamba Bay hadi huko ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

Uvimbe wenye umbo la majani

Aliyeueleza uvimbe huu kwa mara ya kwanza kitaalamu na kuupa jina ni Johannes Müller, profesa wa Chuo Kikuu cha Berlin, mwaka 1838. Wanafunzi wa bayolojia watavutiwa kujua kwamba huyu ndiye mwalimu wa Theodor Schwann, ambaye mwaka 1839 alitangaza kwamba miili yote ya wanyama imejengwa kwa chembe hai, au seli kama zinavyoitwa darasani. Na pia ni mwalimu wa Rudolf Virchow, aliyefundisha baadaye kwamba kila seli hutokana na seli nyingine. Müller alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuutazama uvimbe kwa hadubini badala ya kuutazama kwa macho tu.

Alipoupasua uvimbe huu aliona kwamba ndani yake mna nyufa na mifuko ya maji, na kwamba nyama imechomoza ndani ya nyufa hizo kama majani yaliyobanana ndani ya chipukizi la kabichi. Kwa Kigiriki jani huitwa phyllon, na kutokana na neno hilo ndipo lilipopatikana jina la filodi. Aliongeza pia neno sarkoma, ambalo wakati wake lilimaanisha uvimbe wenye nyama nyingi tu. Baadaye neno hilo lilikuja kumaanisha saratani ya tishu unganishi, na kwa miaka mingi wagonjwa ambao hawakuwa na saratani walitajwa kwa jina la saratani, na wengine, bila shaka, wakakatwa kupita kiasi kwa sababu ya jina. Shirika la Afya Duniani liliacha jina hilo mwaka 1981 na kuchagua jina fupi la uvimbe wa filodi.

Titi limejengwa kwa sehemu kuu mbili. Kwanza kuna mirija na vifuko vya kutengenezea maziwa, ambavyo kuta zake zimetandikwa utando wa seli. Pili kuna tishu unganishi inayoizunguka na kuishikilia mirija hiyo, pamoja na mafuta. Saratani ya kawaida ya titi huanza katika ule utando wa mirija. Uvimbe wa filodi, ingawa una sehemu zote mbili, nguvu yake iko katika tishu unganishi. Hii ndiyo inayozaana na kuusukuma utando mbele yake hadi kufanya yale maumbo ya majani. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Tutaona kwamba karibu kila uamuzi wa tiba unaitegemea.

Mwaka 2014 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba fibroadenoma nyingi zina kasoro katika jeni moja iitwayo MED12, na muda mfupi baadaye kasoro hiyo hiyo ilikutwa pia katika uvimbe mwingi wa filodi. Kumbe kufanana kwao si kwa sura peke yake.

Kwa nini unarudi

Tuseme kwamba mama mmoja wa miaka 42, mkulima wa mihogo na mchuuzi wa dagaa katika kijiji cha ufukoni, anagundua uvimbe wa ukubwa wa ndimu katika titi lake la kushoto. Hauumi. Anaendelea na kazi. Msimu wa kahawa unapokwisha huko milimani, uvimbe umekuwa kama chungwa, na ngozi iliyo juu yake imevutika na kung'aa, na mishipa ya damu imejitokeza. Anakwenda hospitali. Daktari anaupapasa, anaona unateleza, anasema ni fibroadenoma. Anapasua ngozi, anauchopoa uvimbe kama mtu anavyomenya njugu kutoka ganda lake, anashona. Uvimbe unatupwa. Baada ya miezi 18 uvimbe mwingine unatokea chini ya kovu, nao unakua upesi kuliko ule wa kwanza.

Majirani watasema nini? Watasema kwamba uvimbe ukiguswa na kisu hukasirika. Usemi huo unasikika mahali pengi, na watu wa hospitali wamezoea kuudharau. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuudharau, kwa kuwa wanaousema hawakuota ndoto. Waliona jambo likitokea. Walichokiona ni kweli. Sababu waliyoitoa ndiyo isiyo sahihi.

Sababu yenyewe ni hii. Fibroadenoma huwa na mpaka safi, ndiyo maana inaweza kuchopolewa nzima. Uvimbe wa filodi hauna ganda la kweli. Kadiri unavyokua huisukuma na kuibana tishu ya titi inayouzunguka, na tishu hiyo iliyobanwa huonekana kama ganda mbele ya macho ya daktari. Lakini vidole vidogo vya uvimbe vimekwisha kupenya ganda hilo la uongo na kuingia katika nyama iliyo nje yake. Daktari akifuata mpaka anaouona, huviacha vidole hivyo nyuma. Mkulima yeyote wa kahawa wa Mbinga anaijua sangari, lile gugu ambalo mashina yake hutambaa chini ya udongo. Ukilifyeka juu, shamba litaonekana safi kwa majuma machache. Halikukasirishwa na jembe, lilibakizwa.

Kwa hiyo, upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri kuliko yote. Pindi tishu inapokwisha kuvurugwa na kufanya makovu, ni vigumu zaidi kujua uvimbe unaishia wapi. Tena, ule unaorudi pengine huwa wa daraja baya zaidi kuliko ule uliotangulia.

Kuutambua kwa mkono na kwa sindano

Hakuna dalili moja inayoweza kuutambulisha uvimbe wa filodi kwa uhakika kutoka nje. Ziko ishara za kumtia mganga shaka: uvimbe wenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 3 au 4, uvimbe uliokuwa mdogo kwa muda mrefu kisha ukaanza kukua kwa ghafula, mgonjwa aliyepita umri wa kawaida wa fibroadenoma, yaani mwenye miaka 40 na zaidi, na, ishara kubwa kuliko zote, uvimbe uliorudi mahali palipokwisha kupasuliwa. Ukiachwa, unaweza kufikia kipenyo cha sentimita 20 au zaidi na ngozi ikapasuka kwa kubanwa. Kidonda cha namna hiyo hutisha, lakini hakithibitishi kwamba uvimbe ni saratani.

Picha ya altrasaundi husaidia kwa kuonyesha kwamba uvimbe ni mgumu au una mifuko ya maji, na kwamba kingo zake ni laini. Hata hivyo, filodi na fibroadenoma huweza kutoa picha zinazofanana kabisa.

Kuna maradhi mengine ambayo ni lazima yafikiriwe katika nchi zetu. Mama anayenyonyesha anaweza kuwa na jipu. Kifua kikuu huweza kuingia katika titi na kufanya uvimbe usiopona, na tiba yake ni dawa za kifua kikuu. Saratani ya kawaida ya titi ni nyingi mno kuliko filodi, na katika Tanzania wagonjwa wengi wa saratani hiyo bado hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo hairuhusiwi kamwe kusema kwamba uvimbe ni wa aina adimu kabla ya kuithibitisha au kuikana saratani ya kawaida.

Tena kuna jambo lililogunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuchunguza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Aliandika barua kwa hospitali nyingi za Afrika, zikiwamo za misheni vijijini, akiuliza kama waganga wake wamewahi kuuona. Na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000 wakizitembelea hospitali hizo. Uvimbe huo, ambao sasa hujulikana kwa jina lake, huweza kuvimbisha matiti yote mawili kwa kasi ya ajabu kwa mwanamke mjamzito au anayenyonyesha. Nao hutibiwa kwa dawa, kisu hakiuponyi. Hivyo mtu anayekata kabla ya kujua anachokikata anaweza kumkatia mgonjwa titi bure.

Njia ya kujua ni kupata kipande cha uvimbe. Sindano nyembamba huvuta seli chache, nazo hutosha mara nyingi kuonyesha saratani ya kawaida. Kwa uvimbe wa filodi sindano hiyo ina upungufu mkubwa, maana hutoa seli bila mpangilio wake. Ni kama kuletewa matofali ya nyumba, ukaulizwa vyumba vilikuwa vingapi. Sindano nene, inayotoa vijiti vyembamba vya nyama, ni bora zaidi kwa kuwa mpangilio hubaki. Hata hiyo hukosea pengine, kwa sababu uvimbe wa filodi haulingani sehemu zote: upande mmoja waweza kuwa mpole na upande wa pili mkali. Jibu la mwisho hupatikana uvimbe wote unapoondolewa na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia.

Safari ya kipande cha nyama

Hapa ndipo ufuko wa Nyasa unapokuwa mbali zaidi. Wataalamu wa patholojia ni wachache nchini, na maabara zao ziko katika hospitali kubwa, kama zile za Mbeya na Muhimbili. Kipande cha nyama kilichotoka mwilini huanza kuoza mara moja, na katika joto la ufukoni huoza upesi. Dawa ya kukihifadhi ni formalini. Ile inayotumika huitwa formalini ya asilimia 10, ingawa mwanafunzi wa kemia atambue kwamba gesi ya formaldehaidi iliyomo ni kama asilimia 4 tu, kwa kuwa inayozimuliwa ni myeyusho ulioshiba ambao nao una asilimia 40 hivi.

Formalini hufanya kazi kwa kuzifunga protini pamoja ili zisiyeyuke. Lakini huingia polepole, kadiri ya milimita 1 kwa saa au pungufu, na hupunguza mwendo inapokwenda ndani. Fikiri basi juu ya uvimbe wa kipenyo cha sentimita 10 uliotumbukizwa mzima ndani ya ndoo. Katikati yake ni milimita 50 kutoka nje. Saa 50 zitapita, na zaidi, kabla dawa haijafika huko, na wakati huo katikati patakuwa pamekwisha kuharibika. Kwa sababu hiyo uvimbe mkubwa hupasuliwa vipande bapa, kama mkate, bila kuvitenganisha kabisa, ndipo ukawekwa katika chombo chenye mdomo mpana na formalini mara 10 ya ujazo wa nyama. Maji ya chumvi hayafai kwa kazi hii, wala kuukausha.

Jambo jingine dogo, ambalo ni rahisi na lenye thamani kubwa, ni uzi. Kabla ya kuutoa uvimbe mezani, daktari hushona uzi mfupi upande uliokuwa juu, na uzi mrefu upande uliokuwa kando, kuelekea kwapani. Bila nyuzi hizo mtaalamu aliye mbali atapokea bonge la nyama lisilo na juu wala chini. Akiona kwamba uvimbe umegusa ukingo, hataweza kusema ni ukingo upi, na daktari atakayerudia upasuaji hatajua akate wapi.

Katika maabara nyama hukaushwa maji kwa alkoholi, huingizwa nta ya parafini, na kukatwa kwa wembe wa mashine kuwa kipande chembamba cha mikromita 4 au 5, wakati unywele wa mtu una kama mikromita 70. Kisha hutiwa rangi mbili: moja ya buluu ya zambarau inayoshika viini vya seli, na nyingine ya waridi inayoshika vitu vinginevyo. Kutoka uvimbe wa filodi vipande huchukuliwa vingi, kwa kawaida kimoja kwa kila sentimita ya kipenyo, kwa sababu ile tuliyoitaja ya kutolingana.

Mwalimu aliyewahi kuwaonyesha wanafunzi wake ncha ya mzizi wa kitunguu chini ya hadubini, ili wazione kromosomu zikijipanga na kutengana, ameonyesha pia kazi ya mtaalamu huyu. Naye huhesabu seli zinazogawanyika. Katika maeneo 10 ya hadubini yanayokuzwa mara 400, zikiwa chini ya 5 katika tishu unganishi, uvimbe huelekea kuwa mpole. Zikiwa 5 hadi 9, ni wa kati. Zikifika 10 au zaidi, huelekea kuwa saratani. Hesabu hiyo haisimami peke yake. Hutazamwa pia kama tishu unganishi imejaa seli, kama viini vyake vimepotoka umbo, kama tishu hiyo imezidi hata utando wa mirija ukatoweka, na kama mpaka wa uvimbe unasukuma au unapenya. Mahali kipimo kimoja kinapopingana na kingine, wataalamu wawili waweza kutofautiana juu ya uvimbe mmoja, wala si jambo la aibu.

Walio wengi wa wagonjwa hawa huwa na uvimbe mpole. Takwimu zilizokusanywa katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba uvimbe hurudi kwa wagonjwa 10 hadi 17 katika kila 100 wenye uvimbe mpole, 14 hadi 25 wenye ule wa kati, na 23 hadi 30 wenye ule wa saratani. Msomaji ataona kwamba tofauti ya madaraja haya si kubwa kama mtu angedhani. Hata ulio mpole hurudi. Ni kusambaa mwilini ndiko ambako, isipokuwa kwa nadra sana, huhusu daraja la saratani peke yake.

Tiba

Tiba ni upasuaji. Kanuni iliyofuatwa kwa muda mrefu ni kuondoa uvimbe pamoja na pindo la nyama nzima lenye upana wa angalau sentimita 1 pande zote. Sentimita moja yaonekana kitu kidogo, lakini hesabu ya tufe itaonyesha vingine. Uvimbe wa kipenyo cha sentimita 4 una ujazo wa sentimita za ujazo 34 hivi. Ukiongeza sentimita 1 kila upande, kipenyo kinakuwa 6 na ujazo 113. Yaani nyama inayotolewa ni zaidi ya mara tatu ya uvimbe wenyewe. Uvimbe wa kipenyo cha sentimita 10 una ujazo wa 524, na pamoja na pindo lake 905. Mama mwenye titi dogo hatabakiwa na titi. Ndiyo maana, uvimbe unapokuwa mkubwa sana, huwa ni afadhali kuliondoa titi zima kwa utaratibu mzuri. Na ndiyo maana ile miezi ambayo uvimbe ulikua kutoka ndimu hadi chungwa ina gharama: kipenyo kikizidi mara mbili, ujazo huzidi mara nane.

Tezi za kwapani, ambazo hupimwa na pengine kuondolewa katika saratani ya kawaida ya titi, kwa kawaida haziguswi. Uvimbe wa filodi, kwa kuwa ni wa tishu unganishi, husafiri kwa njia ya damu, na mara chache sana kwa njia ya limfu. Tezi zikivimba, mara nyingi ni kwa ajili ya kidonda kilicho wazi. Kuziondoa bila sababu ni kumwachia mama mkono uliovimba maisha yake yote, na kwa mtu anayeishi kwa jembe na kasia huo si ulemavu mdogo. Hali kadhalika, vidonge vya kuzuia homoni, vyenye manufaa makubwa katika saratani nyingi za titi, havisaidii hapa. Dawa za sumu za saratani hufikiriwa ugonjwa unapokuwa umesambaa, na matokeo yake ni haba.

Mionzi hupunguza uwezekano wa kurudi kwa uvimbe wa daraja la kati au la saratani, hasa ukingo unapokuwa haukutoka safi. Hutolewa siku 5 kwa juma, kwa majuma 5 au 6. Maana yake kwa mama wa ufukoni ni kukaa Dar es Salaam zaidi ya mwezi mmoja, akitafuta mahali pa kulala, na shamba likimngojea. Upasuaji wa kwanza ukifanywa vema huko huko kwao, wagonjwa wengi hawatahitaji safari hiyo.

Kuhusu uvimbe mpole, mawazo yamebadilika. Siku hizi wapasuaji wengi hawamrudishi mezani mgonjwa ambaye uvimbe wake mpole umetoka wote lakini pindo likawa jembamba; humwacha, wakamtazama kwa vipindi. Uchunguzi wa miaka ya karibuni unawaunga mkono. Lakini kanuni hiyo imewekwa katika miji ambayo mgonjwa hupanda basi asubuhi akarudi nyumbani mchana. Ina sharti ambalo halikuandikwa: kwamba mgonjwa ataweza kurudi. Kwa mtu ambaye kila safari ya hospitali ni mauzo ya gunia la mihogo, kupanua pindo mara moja kwaweza kuwa busara zaidi kuliko kungoja. Uamuzi huo haupasi kufanywa na daktari peke yake. Mgonjwa aambiwe waziwazi: "Mama, uvimbe wako si saratani, lakini unaweza kurudi. Tukate tena sasa, au utaweza kuja kila miezi sita?" Yeye ndiye ajuaye kama ataweza.

Uvimbe uliokwisha kurudi hutendewa kama mpya, kwa uangalifu zaidi. Kwanza hutafutwa karatasi ya maabara ya upasuaji uliotangulia. Ikiwa ipo, hulinganishwa na kipande kipya ili kuona kama daraja limepanda. Ikiwa haipo, kwa sababu uvimbe wa kwanza ulitupwa, daktari huanza gizani. Hupigwa picha ya kifua, kwa kuwa mapafu ndiyo mahali pa kwanza ugonjwa unapokimbilia, kisha mifupa. Kifua kikiwa safi, uvimbe huondolewa pamoja na kovu la zamani na pindo pana, au titi zima. Na wagonjwa wengi wa uvimbe mpole uliorudi hupona kabisa kwa njia hiyo.

Marudio mengi hutokea katika miaka miwili au mitatu ya kwanza. Kwa hiyo mgonjwa hutakiwa apimwe kila baada ya miezi 6 kwa muda huo, kisha mara moja kwa mwaka. Kipimo chenyewe ni vidole juu ya kovu na kuzunguka kovu, na altrasaundi mahali ilipo. Kwa waliokuwa na daraja la saratani huongezwa picha ya kifua. Mganga wa zahanati ya kijiji anaweza kufanya sehemu ya kwanza akionyeshwa namna yake, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuifanya kila mwezi akioga. Nakala ya jibu la maabara, lenye jina la uvimbe, daraja lake na hali ya kingo, abaki nayo mgonjwa nyumbani pamoja na kadi yake, kwa kuwa daktari atakayemwona mwaka wa tatu huenda asiwe yule aliyempasua.